Hata Ziwa Lilipumzishwa

Kwetu ni Kirando, wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa. Anayekuja kwetu kutoka Sumbawanga huiacha baridi ya uwanda wa Ufipa, mahali palipo mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, akapita Namanyere, kisha akaanza kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa. Hadi kufika chini huwa ameshuka karibu mita 1,000. Masikio yanaziba, sweta linavuliwa, na ghafla mbele yake linatanda Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilometa 670 hivi na kina cha mita 1,470. Duniani kote ni ziwa Baikal la Urusi tu linalolizidi kwa kina.

Kati ya Kirando na Kipili kuna visiwa: Ulwile, Mvuna, Nkondwe, Lupita na vingine vidogo. Pale Lupita ilijengwa hoteli ya kifahari kwa ajili ya wageni kutoka nchi za mbali, watu wanaovuka bahari na mabara ili waje kukaa kimya, wayatazame maji na kupumua. Sisi tunaoishi hapa tumevizoea visiwa hivi kama mtu anavyozoea ukuta wa nyumba yake. Tulikuwa tukivuka kwa kazi tu: kuchanja watoto, kununua dagaa, kwenda msibani. Kuvuka ili tukakae tu, hilo halikuwahi kutuingia akilini. Lililotupeleka mwaka 2024 ni hofu, na tunaona vema tuwasimulie.

Kipimo cha mzaha

Sisi tuko wanne. Wawili ni wauguzi, mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi, na mmoja ni mfanyabiashara wa dagaa. Wote tumeshapita miaka arobaini, na wote tumo katika kikundi cha kanisa kinachojitolea kuwatembelea wagonjwa majumbani. Jioni moja ya mwezi Mei tulikuwa kwa mzee mmoja mwenye ugonjwa wa presha. Tulipomaliza kumpima alitutazama akatabasamu, akasema, "Haya, wanangu, na ninyi huwa mnapimwa na nani?"

Tulicheka. Kwa mzaha tukaanza kupimana pale pale. Mkono wa kwanza ulikuwa salama, wa pili salama. Mkono wa tatu kipimo kilionyesha 178 kwa 112. Tulinyamaza. Tukamwambia mwenzetu akae kimya dakika tano, miguu chini, mgongo umeegemea kiti. Tukapima tena: 176 kwa 110. Kumbukeni kwamba mtu akifikisha 140 kwa 90, katika vipimo vya siku tofauti, huhesabiwa kuwa na presha.

Hatutamtaja ni nani kati yetu, na tuna sababu: angeweza kuwa yeyote. Alikiri kwamba kwa miezi mingi kichwa kilikuwa kikimgonga kila asubuhi, naye akimeza dawa ya maumivu na kuendelea na kazi. Daktari alimwanzishia vidonge, akamwambia apunguze chumvi, atembee, na apumzike.

"Nipumzike?" mwenzetu alituuliza tulipotoka nje. "Na mama mkwe abaki na nani?" Mama mkwe wake alikuwa amepooza upande mmoja tangu mwaka uliotangulia.

Likizo ya mwanamke

Mfanyakazi katika nchi yetu ana haki ya likizo ya siku 28 kwa mwaka. Tulipokaa tukahesabu jinsi tulivyozitumia siku zetu kwa miaka mitano iliyopita, tuliona aibu. Tulivuna mahindi. Tuliuguza wazazi. Tulisimamia mafundi wa nyumba. Tulipika kwenye harusi na kwenye matanga. Yote ni mema, wala hatujuti. Lakini siku ya kupumzika, hata moja, hatukuiona. Na huyu mama wa dagaa, ambaye hana mwajiri wa kumpa likizo, hali yake ilikuwa hiyo hiyo, tena mbaya zaidi.

Tumelelewa kwa mifano ya utumishi. Watu wa ziwa hili wanamkumbuka Daktari Adrian Atiman, yule mtoto wa Afrika Magharibi aliyetolewa utumwani, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kuwahudumia watu pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67! Mfano kama huo unatutia moyo. Lakini tumeugeuza kuwa sheria isemayo kwamba mwanamke mwema hakai. Akionekana amekaa barazani saa nne asubuhi, jirani humwuliza, "Vipi, unaumwa?"

Mwalimu wetu ndiye aliyetukumbusha kwamba Bwana mwenyewe aliwaona wanafunzi wake wamechoka hata hawapati nafasi ya kula, akawaambia waende kando wakapumzike kidogo. Na walikwenda kwa mashua.

Ziwa limefungwa

Mwaka huo huo jambo jingine lilitokea. Kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa hili, upande wetu wa Tanzania ulisimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wapate kuzaliana. Samaki walikuwa wamepungua, na wavuvi wenyewe walilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Tusiwadanganye, ilikuwa miezi migumu. Kirando inaishi kwa dagaa na migebuka. Vichanja vya kuanikia vilikuwa vitupu, mafundi wa nyavu walikaa, na akina mama waliokuwa na mikopo hawakulala. Mwenzetu wa dagaa alikuwa mmoja wao. Lakini jioni moja alisema neno ambalo hatujalisahau: "Kama ziwa lenye kina chote hiki limechoka mpaka limepumzishwa, sisi ni nani?"

Basi tukaamua. Ijumaa tarehe 5 Julai tungevuka kwenda Ulwile, kwa shangazi yake mama wa dagaa, na kurudi Jumatatu. Tulipanga zamu ya kumwangalia mama mkwe: binti mkubwa usiku, akina mama wa jumuiya mchana. Ilitushangaza jinsi walivyokubali upesi. Miaka yote tulikuwa tunasema hakuna wa kutusaidia, kumbe hatukuwa tumemwomba mtu.

Kusubiri upepo

Tulifika ufukweni saa kumi na mbili asubuhi. Nahodha wa boti aliyatazama maji, akatikisa kichwa. Miezi hiyo upepo wa kusi huvuma kwa nguvu, na ziwa letu likikasirika halina mchezo. "Mama zangu," alisema, "leo tutaondoka litakapotaka lenyewe."

Saa ya kwanza tulilalamika. Saa ya pili tulitafuta la kufanya, tukakumbuka hatukuja na hata sindano ya kufumia. Ndipo mwalimu akatandika mkeka chini ya mwembe. Tulikaa. Maji yalikuwa yamepanda mno mwaka ule, yameifikia miti iliyokuwa zamani mbali na ufuko, na tulimwona mdiria akiinama kutoka kwenye tawi lililo juu ya mawimbi, akipiga mbizi, akirudi. Tulimtazama kwa muda mrefu kuliko tulivyopata kumtazama ndege maishani mwetu.

Mzee mmoja alikuja akaketi nasi, akatusimulia habari za Liemba. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa mpaka Kigoma ndani ya masanduku na kuunganishwa upya. Ilishushwa majini mwaka 1915, Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Ilipokuwa katika safari zake za Kigoma na Mpulungu ilitia nanga mbele ya Kirando, na abiria walifuatwa kwa mitumbwi. "Tulikuwa tunaisubiri siku nzima, mara nyingine siku mbili," alisema mzee. "Ndoa nyingi zilianzia kwenye kuisubiri Liemba." Tulicheka sana. Mwenzetu mgonjwa naye alicheka, na tukatambua kwamba hatukuwa tumemsikia akicheka tangu Mei.

Saa tisa alasiri ziwa lilitulia. Tulivaa maboya yetu, tukaondoka.

Hatukujua kukaa

Tulipofika kwa shangazi, tulifanya kama tulivyozoea. Mmoja alishika fagio, mwingine sufuria, wa tatu akaanza kufua mashuka ambayo hayakuwa machafu. Asubuhi ya Jumamosi shangazi alisimama mlangoni akiwa amefunga khanga kiunoni.

"Wanangu," alisema, "mmekuja kupumzika au mmekuja kunionyesha kwamba nyumba yangu ina taka?"

Tulimwomba radhi. Alituwekea masharti: kazi ya asubuhi ni moja tu, kuchemsha maji ya kunywa, kwa kuwa sisi wauguzi tunajua kipindupindu kinavyozitesa pwani za ziwa hili. Baada ya hapo, twende tukatembee.

Tulikizunguka kisiwa polepole kwa njia ya miguu, juu ya miamba, tukipumzika kila palipo na kivuli. Shangazi alituonyesha mahali maji yalipo maangavu kati ya mawe, mbali na majani na mbali na bandari ya mitumbwi. Tulimwuliza kwanza habari za mamba, tena tukawauliza na vijana. Tuliingia mpaka magotini, na pale chini tuliona samaki wadogo wa rangi ya manjano, ya bluu, na wenye milia. Ziwa hili lina zaidi ya aina 200 za jamii hiyo ya samaki, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Baadhi yao, mama hubeba mayai na kisha vitoto ndani ya mdomo wake kwa wiki kadhaa, na wengi katika siku hizo hula kidogo sana au hawali kabisa.

Mwalimu alipotueleza hilo tulisema, "Kumbe ni sisi!" Naye akajibu, "Ndiyo, lakini sikilizeni mwisho wake. Siku inafika anawatema vitoto, anakwenda kula."

Vidonge ishirini na moja

Jioni ile hatukuwa na la kufanya. Hapakuwa na mwezi. Kwa kawaida usiku wa namna hiyo ziwa huwa kama mji, taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa hadi upeo wa macho. Safari hii lilikuwa giza tupu, na nyota zilikuwa nyingi hata zikatutia woga kidogo. Mama wa dagaa alilitazama giza lile, akalia kwa ajili ya deni lake. Tulimwacha alie. Kisha tulikaa kimya pamoja.

Katika kimya kile ndipo mmoja wetu alipogundua jambo. Tulikuwa pamoja tangu Ijumaa asubuhi, tumekula pamoja, tumelala chumba kimoja chini ya vyandarua viwili, na hakuna aliyekuwa amemwona mwenzetu akimeza dawa.

Tulimwuliza. Alisema amemeza. Tulimwuliza tena kwa upole, "Dada, hebu tuione pakiti." Alikaa muda, kisha akaitoa mkobani. Alipewa vidonge thelathini, kimoja kila siku, siku zaidi ya arobaini zilizopita. Vilikuwa vimebaki ishirini na moja. Tulimpima: 172 kwa 106.

Alilia, na maneno yake yalituchoma. "Mnawauliza wagonjwa wote wa Kirando kama wamemeza dawa. Mimi hamkuniuliza hata mara moja." Alimeza siku tisa, akajiona hana dalili, akaacha. Tena fedha za kununua vidonge vingine alizitumia kwa dawa za mama mkwe, akaona vile vilivyobaki avitunze kwa siku atakayozidiwa.

Jamani, sisi tulikuwa tukionana naye karibu kila siku! Kanisani, njiani, sokoni. Tulisalimiana mbio mbio, "Hujambo, sijambo," tukapita. Katika miezi miwili ya mbio hatukuona jambo ambalo siku mbili za kukaa zilituonyesha.

Alimeza kidonge usiku ule ule, nasi tukamweleza upya tunalowaeleza wengine: presha haina dalili za kuaminika, na dawa yake haiwekwi akiba kama mahindi. Jumapili tulisali na watu wa kisiwa, tukala ugali wa muhogo na maharage, tukalala mchana bila kuona haya. Jumatatu alfajiri, Kilimia ikiwa juu ya vilima, tulivuka kurudi, na siku hiyo hiyo tukampeleka kwa daktari. Kikundi chetu kilichangia vidonge vya mwezi mzima, na tangu hapo tunalo daftari dogo la presha zetu wanne. Mwezi Oktoba lake lilisomeka 136 kwa 86.

Tulichojifunza

Wataalamu wamechunguza mambo haya. Japani, tangu mwaka 1982, serikali iliwahimiza watu kwenda kukaa msituni taratibu kwa ajili ya afya zao. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich wa Marekani alionyesha kwamba wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo na kulazwa penye dirisha linaloelekea miti walitoka hospitali mapema kuliko wenzao waliotazama ukuta. Na mwaka 2019 uchunguzi wa watu karibu 20,000 huko Uingereza ulionyesha kwamba waliokaa mahali penye maumbile ya asili kwa dakika 120 au zaidi kwa wiki walijieleza kuwa na afya bora kuliko wasiokwenda kabisa.

Lakini tusikosee. Miti na maji havikushusha presha ya mwenzetu peke yake. Zilizoishusha ni dawa anazomeza kila siku, chumvi aliyopunguza na usingizi. Kazi ya kisiwa ilikuwa kutukalisha mpaka tukaonana.

Kwa hiyo, akina mama wenzetu, tunawashauri haya:

1. Usiende mbali. Tafuta mlima, mto au kisiwa ambacho umekiona maisha yako yote bila kukifikia. Nauli iwe ndogo, mkopo usiwepo.

2. Dawa zako ziende nawe, na mwenzako azijue. Likizo si likizo ya vidonge.

3. Majini vaa boya, na nahodha akisema subiri, subiri. Chemsha maji ya kunywa, lala ndani ya chandarua. Epuka kuoga kwenye maji yaliyotuama yenye majani karibu na makazi, kwa ajili ya kichocho.

4. Omba msaada kabla ya kusema haupo. Waume na watoto wengi wanaweza zaidi ya tunavyodhani.

5. Ukishafika, usifagie nyumba ya watu. Kaa.

Tarehe 15 Agosti ziwa lilipofunguliwa tulikwenda ufukweni jioni kuangalia. Mitumbwi ilitoka mmoja mmoja, na giza lilipoingia taa zikaanza kuwaka juu ya maji. Mama wa dagaa alikuwa amebeba beseni lake tayari, ana haraka ya kesho. Kabla ya kuagana alimgeukia mwenzetu akamwuliza kwa sauti, mbele ya watu wote, "Dada, umemeza?"

"Nimemeza," alijibu.

Tukaenda nyumbani kulala.